Bibi Alikataa Kukaa Mbele

Leo mwanangu kaniambia niuze pikapu ninunue gari dogo. Eti pikapu ni ya kubebea mbao.

Jibu lake nawapa ninyi.

Miaka ya sabini baba alifia hospitalini Mbeya. Jirani akatuazima pikapu yake tumrudishe nyumbani Mafinga. Jeneza likawekwa nyuma.

Mvua ilikuwa inanyesha, na baridi ya huku nyanda za juu mnaijua.

Dereva akamfungulia bibi, mama yake baba, mlango wa mbele.

"Bibi, kaa huku kuna joto."

Bibi akapanda nyuma.

"Huyu nilimbeba mgongoni. Leo nimwache na mvua peke yake?"

Akakaa mkono juu ya jeneza mpaka nyumbani.

Kwenye gari dogo jeneza hufungwa juu ya paa, kwenye keria. Bibi angekaa wapi?