Moshi Nilioutafuta kwa Jirani

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mwanangu wa darasa la pili alipoanza kubanwa na kifua, daktari hajamaliza kuandika dawa mimi nilishampata mkosaji. Jirani yangu hukaanga samaki wa kuuza uani kwake, na kuni zake ni mbao za ngalawa kuukuu, zenye rangi na lami. Hapa Bagamoyo upepo haukosi, na moshi ule mweusi ulikuwa unatujia sisi.

Nikaanza kumpeleleza. Nilihamishia beseni la kufulia upande wake ili nione anachochea nini. Mwanangu akikohoa, najisemea: dalili ya mvua ni mawingu. Siku moja mtoto alishinda na kipulizio cha pumu alichoandikiwa na daktari mkononi, nikavuka ua nikamwambia mbele ya wateja, "Jirani, unaniulia mtoto!"

Aligeuza samaki wake taratibu. "Mungu atampa afya," akasema. Upole ule niliushuku zaidi.

Wiki ileile akafiwa, akaenda Saadani kwenye msiba. Jiko likalala. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Asubuhi ya pili mtoto akabanwa kuliko siku zote, midomo ikabadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Alipopata nafuu, muuguzi akauliza kama nyumbani kuna moshi. Nikasema mwenye moshi kasafiri.

"Na wewe, mama, huchomi taka?"

Taka! Nimelelewa kwamba mwanamke hupimwa kwa uwanja wake. Kila asubuhi nafagia, nakusanya majani, mifuko, chupa za plastiki na nepi za mtoto wangu mchanga, kisha natia kiberiti palepale chini ya dirisha la chumba anacholala huyu mgonjwa. Mtaani kwetu nani hafanyi hivyo? Nilimjibu muuguzi kwa ukali, halafu nikashindwa kumtazama mwanangu.

Jirani aliporudi nilimpa pole, nikamweleza yote. Aliendelea kupara samaki. Akasema moshi wangu alikuwa akiuona kila siku, kabla hajawasha jiko lake.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia. Ukaja kunishutumu mbele za watu. Baada ya pale, jirani, ningesema nini ukaniamini?"