Siku Nilipomwandikia Mfalme Wasifu wa Marehemu

Jamani, kuna aibu unaisahau baada ya wiki na kuna aibu unaoga nayo, unalala nayo, na hii yangu ni ya aina ya pili, maana mpaka leo nikiingia ukumbi wowote wenye viti vya plastiki masikio yanapata moto. Nawasimulia kwa sababu najua nusu yake mmeshaisikia kwa Mama Furaha, na Mama Furaha akisimulia lazima aongeze chumvi (eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini ghafla tu), kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Mimi mnanijua, mtu wa Kigoma, naishi Handsworth, huku Birmingham, Uingereza, mkate wangu naupata kwa kutunza wazee kwenye nyumba yao, lakini kilichonipa jina mji huu ni kanisa. Kanisa letu limejaa ndugu zetu wa Kongo, watu wa Uvira na Bukavu, nao waliamua zamani kwamba Kiswahili changu ni cha redioni, basi akifa mtu simu ya kwanza inapigwa kwa mchungaji na ya pili kwangu, nikaandike wasifu wa marehemu na kuusoma mbele ya jeneza, kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza. Na wasifu mnajua unavyoandikwa. Mlevi anakuwa "mpenda watu". Mgomvi anakuwa "mtu wa msimamo". Yule ambaye hata salamu alikuwa haitikii anakuwa "mpole asiye na makuu". Sikuwahi kuona ubaya wake, mtu keshakufa, unamchongea ili iweje?

Sasa nina binti, Upendo, na mwaka huo (miaka miwili mitatu kabla ya korona) alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake, Esta, tulikuwa tumemzika miaka minne nyuma, na tangu siku ile nyumba ilibaki ni mimi, yeye na televisheni. Kiswahili anakielewa chote, mpaka umbea, lakini anajibu kwa Kiingereza, tena kifupi: fine, okay, later. Kwa hiyo alipokuja jikoni kwa miguu yake mwenyewe akaniambia shuleni kwao kuna mjadala wa historia Jumamosi mchana, wazazi wanakaribishwa, na kwamba naweza kuja nikitaka, ugali nusura uungue. Miaka minne mtoto hajanialika popote. Nikajiambia, Baba Upendo, yote uharibu, hili usiliharibu.

Mada yenyewe ilikuwa mfalme mmoja wa Uingereza aliyekufa miaka mia nane iliyopita (jina lake nalihifadhi, nimeshamsumbua vya kutosha). Bwana huyu ana sifa mbaya mpaka kwenye vitabu vya watoto wadogo: alipoteza karibu nchi zake zote za Ufaransa, alipigana na wakuu wake mwenyewe, anashukiwa kumuua mtoto wa kaka yake, akaja kufa kwa tumbo vita ikiwa bado inaendelea. Lakini Upendo alinieleza pale jikoni, kwa sentensi ndefu, jamani, ndefu!, kwamba wanahistoria hawaulizi tu kama alikuwa mbaya, wanauliza nani katuambia. Kumbe hadithi mbaya kabisa ziliandikwa na watawa, nyingine mfalme akiwa kaburini tayari, na hao watawa alishagombana nao kwa sababu ya mali za kanisa. Halafu kuna barua na amri za ofisi yake, na humo anaonekana mtu wa kuzunguka nchi nzima akisikiliza kesi za watu. Wanahistoria wa zamani wakamchora shetani, waliofuata wakaziona zile barua wakamsafisha kidogo, na wa sasa wanasema polepole, hata hizo barua ziliandikwa na watu wake. Nikamuuliza, sasa mkweli ni yupi? Akasema, "Unamuuliza kila mmoja anataka nini, Dad." Nilimtazama yule mtoto nikatamani Esta amsikie.

Ijumaa printa yetu ikaishiwa wino. Akanitumia kazi yake kwenye imeli ili Jumamosi asubuhi nikitoka zamu nipite maktaba niichape, nimletee shuleni, maana jukwaani simu hazikuruhusiwa. "Chapa tu," akaniambia. "Please, Dad. Just print it."

Nikafika maktaba, nikafungua, nikaanza kusoma (na hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa pembeni yangu, kwani kuchapa kunahitaji kusoma?). Kurasa mbili, mtoto kaandika mambo mazito, lakini mwisho wake unaisha hivi hivi, eti huenda hatutamjua kamwe mtu huyu alikuwaje. Basi! Nukta! Kama mtu mmemshusha kaburini mkaondoka hata udongo hamjarudishia. Mkono ukaanza kuniwasha. Nikafikiria mtu wa watu ana mke, ana watoto watano, kafa kwa tumbo huko njiani, na hakuna hata neno moja la faraja? Nikasema naongeza sentensi moja tu, mtoto apate alama nzuri.

Sentensi moja ilizaa wenzake, si mnajua kalamu ikizoea. Kwa Kiingereza changu cha misibani nikaandika kwamba marehemu alikuwa mchapakazi aliyependa kusafiri, baba mwenye mapenzi kwa wanawe, kwamba alitofautiana na baadhi ya jirani zake lakini hakuwa mtu wa kinyongo, kwamba aliugua kwa muda mfupi, akaupokea ugonjwa wake kwa utulivu, akalala kwa amani. Ameacha mjane na watoto watano. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Nikabonyeza, karatasi zikatoka za moto, nikazikunja nikiwa najisikia mzazi bora Birmingham nzima.

Basi likakwama Soho Road, kama kawaida yake Jumamosi, nikafika shuleni nikihema, na Upendo yuko mlangoni anatafuna kucha. Akazinyakua zile karatasi bila kuziangalia, akasema asante, akakimbia. Ningesema wakati ule. Mdomo niliufungua kabisa! Lakini mwalimu alikuwa anamwita, nikaufunga.

Na mimi kwa furaha yangu nilikuwa nimewaalika watu. Mama Furaha, ambaye ni mtu wa Uvira na ndiye kiongozi wa kina mama kanisani, alitoka Hodge Hill, upande wa pili wa mji, na wenzake wanne, wamevaa sare zao za kitenge cha kwaya, na kwenye simu nilikuwa nimewaambia tu, Upendo atasoma habari za mfalme aliyefariki, njooni mumpe mtoto nguvu. Kiingereza chao ni cha sokoni na cha hospitali. Na cha misibani, ambacho nimewafundisha mimi mwenyewe kwa miaka.

Ukumbi ulijaa, wazazi wa kila rangi, na mbele ameketi mwanahistoria wa chuo kikuu, mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi na miwani ya kamba, ndiye atakayewauliza maswali. Upendo akapanda. Akaanza kwa sauti ndogo, ikakua, akawasema watawa, akazisema zile barua, nikaona yule mama mwenye mvi anaandika. Mimi machozi yananilenga. Akageuza ukurasa. Akaingia kwenye aya yangu.

Kwenye "alipenda kusafiri" mtu mmoja nyuma akacheka. Kwenye "hakuwa mtu wa kinyongo" ukumbi mzima ukacheka, na nikamwona mwanangu amekunja uso, anasoma maneno asiyoyajua kwa sababu hana mengine ya kusoma. Halafu akafika pale, akaupokea ugonjwa wake kwa utulivu, na akanyamaza.

Mama Furaha akaona mtoto amezidiwa na msiba. Sasa ningemlaumu vipi? Amesikia marehemu, ugonjwa, utulivu (maneno ya wasifu anayajua kwa moyo kuliko mimi), akajua tumefika wapi kwenye ratiba. Akapaza sauti, "Amina! Pole, mutoto wangu!" akasimama, na kina mama wote wa sare wakasimama naye, wakainamisha vichwa kwa dakika moja ya ukimya. Na Waingereza, bwana, hawa watu ukisimama, nao wanasimama! Mstari wa mbele ukasimama. Wa kati ukasimama. Mzee mmoja akavua kofia. Watu zaidi ya mia wamemsimamia mfalme aliyekufa miaka mia nane, kimya, mtu akimeza mate unamsikia.

Mimi nikaona lazima niokoe jahazi. Katikati ya ukimya ule nikapiga kelele kwa Kiingereza, "Ni mimi! Mimi ndiye niliyefanya!" (kama vile aliyemuua mtoto wa kaka yake ni mimi), vichwa vyote vikageuka, nikarudi nyuma nikae, kiti kikateleza, nikaenda chini na kiti. Mama Furaha akadhani uchungu umenishinda. Akaanzisha pambio.

Walipotulia, na haikuwa haraka hata kidogo, yule mama mwenye mvi hakucheka. Akamuuliza Upendo taratibu, "Hii aya ya mwisho kaiandika nani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Upendo akanitazama, nikiwa nimeshika mgongo, akavuta pumzi. Akasema aya hii imeandikwa na baba yangu, leo asubuhi, maktaba. Hakuwahi kumwona mfalme. Baba huandika wasifu wa wafu wa kanisa letu, na hapendi mtu yeyote aondoke bila neno zuri. "Kwa hiyo kuhusu mfalme haitusaidii," akasema, "lakini kuhusu baba yangu inatuambia mengi. Na watawa ni hivyo hivyo." Ukumbi ukapiga makofi. Yule mama akaandika tena, akatabasamu. Lakini Upendo hakutabasamu, na aliposhuka hakuja kwenye kiti changu.

Tulisimama kituoni sisi wawili. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kiingereza, nikaanza kueleza habari za mkono kuwasha, akanikatiza.

"Baba." Kwa Kiswahili! "Ile ya utulivu ni ya Mama."

Nikasema ndiyo mwanangu, ile naitumia kwa wote.

Akasema karatasi ya wasifu wa Mama ameikariri yote, iko kwenye droo yake. Alikuwa na miaka kumi na moja, mwezi ule wa mwisho tulimpeleka akae kwa Mama Furaha, hakuona chochote, kwa hiyo anachokijua ni nilichoandika mimi. Aliupokea ugonjwa wake kwa utulivu, akalala kwa amani. "Nikajua aliona sawa tu," akasema. "Kuniacha."

Miaka minne mtoto amelala na sentensi yangu.

"Esta?" nikasema. "Utulivu? Nani, Esta?" Na nikamwambia, palepale kituoni, watu wanapita na mifuko yao. Nikamwambia mama yako alikataa. Mchungaji alipokuja hospitali akaanza habari za kukubali mapenzi ya Mungu, alimrushia kikombe, chai ikiwemo. Alisema mimi siendi popote, nina mtoto, nani atamsuka? Alilia siku tatu, kisha akafungua nyuzi za shali lake akanifundisha kusuka juu ya mto wa kitanda, akinitukana, eti nina vidole vya kushikia jembe. Aligombana na daktari, na mimi, na Mungu, mpaka sauti ilipomkauka. Sikuandika kwa sababu niliogopa watu watasema kafa bila imani. Nakuomba radhi, mama. Aligombea kubaki na wewe mpaka mwisho.

Upendo alikuwa analia, kamasi na kila kitu, na mabasi mawili yalitupita hatukuyasimamisha.

"Kilimpata?" akauliza.

"Nini?"

"Kikombe. Mchungaji."

"Begani."

Akacheka, jamani, huku analia, cheko la Esta kabisa, mpaka akaniegemea.

Basi tangu siku hiyo nimeapa, karatasi ya mtu ikipita mikononi mwangu naichapa nimefumba macho. Wasifu bado naandika, ila familia wakinipigia nawauliza kwanza, alikuwa anakasirishwa na nini? (Wengine wamekata simu.) Na wa Esta niliuandika upya, na kikombe chake, na matusi yake, usiku na mchana wiki nzima, nikampa Upendo. Hakugusa hata neno. Aliandika tu pembeni, kwa penseli, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, pale Esta aliposema haendi popote: "Na wewe ulimjibu nini, Baba?"

Hilo bado naliandika.