Chokaa ya Idd na Sifuri Zangu Tano

Niliandika sifuri tano kwa penseli, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua ila mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Wataalamu wa mipango ya mji walikuja shuleni kuomba msaada, kwa sababu walitaka kuchora ramani ya mafuriko ya mtaa ulio nyuma ya soko la mifugo, pale laga inapopinda. Laga ni mto mkavu. Karibu mwaka mzima watoto wanacheza mpira ndani yake, mbuzi wanapita, watu wanakata njia kwenda sokoni. Halafu siku moja mvua inanyesha kule juu Meru, huku kwetu jua linawaka na wingu hakuna, na maji yanafika yakiwa rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na sufuria za watu. Hakuna daftari linaloonyesha yalifika wapi. Kwa hivyo, wakasema, kumbukumbu za watu ndizo zitakuwa kipimo. Sisi wa chama cha Jografia tungegawana vichochoro, tubishe kila mlango, tuulize: mara ya mwisho maji yalipoingia hapa, yalifika wapi? Mwenye nyumba aonyeshe kwa mkono ukutani, sisi tupime kwa fimbo ndefu yenye mistari myekundu na myeupe, tuandike kwenye fomu.

Mwalimu wetu wa Jografia alitusimamisha getini kabla hatujatoka.

"Msiandike macho yenu," alisema. "Andikeni mdomo wa mwenye nyumba. Ukuta unaweza kuwadanganya."

Nilipangwa na rafiki yangu wa dawati moja, Mborana, msichana wa maneno mengi. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Hata dukani, mwenye duka akiuliza nataka nini, mara nyingi naonyesha kwa kidole. Tukakubaliana yeye aongee, mimi niandike. Njiani alinitania.

"Haya maji ni yenu nyinyi Wameru. Mnatumwagia, halafu mnakuja kupima kama yametutosha."

Nilicheka tu. Jibu zuri lilinijia kesho yake, kama kawaida yangu.

Vichochoro viwili vya kwanza tulimaliza vizuri. Yeye anasalimia, anaulizwa ni wa nani, inabainika ni jamaa ya mtu fulani, tunaletewa chai, ndipo mtu anaweka mkono ukutani. Kwenye kuta nyingi ungeona mstari wa matope hata kabla ya kuuliza. Tulipofika mwisho wa kichochoro cha pili, mama yake akatuma mtu kumwita, wageni wamefika nyumbani.

"Imebaki kimoja tu," aliniambia. "Nyumba tano. Enda useme salaam aleikum, watakupa chai hata hujakaa."

"Na wakiendelea kwa Kiborana?"

"Wakiendelea, tabasamu. Si hawaumi."

Akaondoka. Nikabaki na fomu na ile fimbo iliyonizidi kimo.

Idd ilikuwa imepita majuzi tu. Nyumba zote tano zilikuwa zimekandikwa upya na kupakwa chokaa, nyeupe kutoka juu mpaka chini, bila doa. Nje ya nyumba ya kwanza wanawake wanne walikuwa wamekaa juu ya mkeka wakipakana hina. Mkubwa wao, bibi mwenye shungi la kijani, alinitazama, akasema kitu kwa lugha yao, na wote wakacheka.

Hicho tu ndicho kilichotokea. Ningependa kuandika kwamba walinifukuza, au kwamba kulikuwa na mbwa. Walicheka, basi, na uso wangu ukawaka moto, nikageuka kama mtu aliyesahau kitu. Nilizunguka mpaka nyuma ya kibanda cha miraa, nikachungulia zile kuta. Nikajiambia: maji yangekuwa yamefika, si ningeona mstari? Nikaandika sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Palipoulizwa ni nani amejibu, nikaandika "mama mwenye nyumba" mara tano. Hapo sikuwa tena mwoga tu. Hapo nilikuwa mwongo, na nililijua neno hilo nikiwa bado nimeshika penseli.

Mwalimu alizipitia fomu zetu, akatusifu mbele ya darasa kwamba hatukuruka hata mlango mmoja.

Baada ya wiki kadhaa watu waliitwa kwenye baraza, uwanja wa chifu. Ramani ilikuwa imechapishwa kwenye turubai na kutundikwa ukutani. Sehemu za hatari zilikuwa nyekundu, za wastani njano, za salama kijani. Kichochoro changu kilikuwa kijani kama sukuma wiki. Mtaalamu wa ramani, kijana mpole mwenye miwani, akaeleza mpango: watajenga ukuta wa mawe kwenye ukingo wa pili wa laga, upande wenye nyekundu nyingi. Maji yakizuiwa huko, yatapinda yaje huku, na hakuna ubaya, kwa sababu huku hakuna historia ya maji. Alikuwa ameshapigilia vigingi vyenye utepe.

Huku ndiko kwenye zile nyumba tano. Nilielewa kabla hajamaliza sentensi.

Yule bibi wa shungi la kijani akasimama. Wote walimwita Akko, yaani nyanya.

"Hii maji iliingia kwa nyumba yangu," alisema. "Ilifika juu ya kitanda. Godoro ilielea kama mashua. Mimi nilishika mbuzi mbili, ya tatu ikaenda."

Mtaalamu hakumdharau. Alifungua faili, akatafuta, akasoma.

"Nyanya, fomu ya nyumba yako inasema sifuri. Na inasema ni wewe uliyejibu."

"Mimi?"

"Mama mwenye nyumba, imeandikwa hapa. Labda unakumbuka nyumba uliyokaa zamani."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mzee mmoja aliyekuwa mbele akasema, "Akko, kaa. Umri unachanganya mambo. Mtoto wa watu amesoma."

Alikaa. Alitazama mikono yake, hina ilikuwa imebaki kwenye kucha tu, na nikaona anajiuliza kweli kama amesahau. Mimi nilikuwa benchi ya tatu nyuma yake. Rafiki yangu alinigusa kwa kiwiko. "Si hicho ni kichochoro chako?" Nikasema sikumbuki vizuri. Baraza likafungwa kwa maombi ya dini zote mbili, na mimi nikasema amina mara mbili.

Asubuhi yake nilienda ofisi ya walimu. Mwalimu wa Jografia alikuwa akisahihisha madaftari. Nilimwambia yote nikitazama miguu ya meza. Hakupaza sauti, ningefurahi kama angepaza.

"Ngapi?"

"Tano, Mwalimu."

"Na niliwaambia nini pale getini?"

"Ukuta unaweza kutudanganya."

"Ukuta haukudanganya mtu." Alirudi kwenye madaftari yake. "Fimbo iko stoo. Leo baada ya masomo. Peke yako."

Akko alikuwa nje anachagua mchele. Nilisema salaam aleikum, akaitikia, akaendelea kwa Kiborana, na mimi sikutabasamu. Nilisema, kwa Kiswahili, haraka ili nisirudi nyuma, kwamba mimi ndiye niliyeandika sifuri na sikumuuliza.

Alimaliza kwanza kuchagua ungo mzima.

"Ni wewe ule wa fimbo," alisema. "Ulisimama hapo, ukatoroka."

"Mlinicheka."

"Nilisema huyu msichana amepoteza mbuzi, mumwonyeshe njia. Fimbo hii yote, na mbuzi hakuna." Hakucheka sasa. "Kwa sababu ya hiyo tu, umefanya niambiwe mbele ya watu mimi nimechanganyikiwa? Mimi nililala nikihesabu watoto yangu kwa majina, nione kama akili iko."

 

Aliingia ndani, akatoka na kijiko cha chuma. Akaanza kukwangua ukuta kando ya mlango. Chokaa ikaanguka, kisha udongo mpya, na chini yake ukatokea mstari wa kahawia, mnene kama kidole. Nikasimamisha fimbo. Mstari ulinifika kifuani.

"Andika," akasema. "Na ile ya kalamu, si hiyo ya kufutika."

Nyumba tatu zilizofuata niliuliza pia, nikaonyeshwa, nikapima. Ya tano ilikuwa imebomolewa. Wenyewe walikuwa wamehamia Merti, hakuna aliyekuwa na simu yao.

Nilidhani fomu zingetosha. Mtaalamu alimwambia Mwalimu kwamba watu wamesikia sifuri barazani, kwa hivyo sharti wasikie barazani kwamba haikuwa kweli. Basi katika baraza lililofuata nilisimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno, wa nyuma wakadai niseme tena, nikasema tena. Sikusema "kulitokea makosa." Nilisema niliona haya kubisha, nikaandika uongo. Mtu akasonya. Akko hakunigeukia. Alimgeukia yule mzee wa mbele.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Akko," mzee akasema.

Vigingi viling'olewa wiki hiyohiyo. Sasa wanapima tena pande zote mbili kabla ya kujenga. Kichochoro kimegeuzwa kuwa chekundu, na rafiki yangu anasema nimekuwa Mmeru wa kwanza kurudisha maji.

Idd iliyofuata nilipita pale. Akko alikuwa amepaka chokaa nyumba nzima, isipokuwa kipande kile kando ya mlango, upana wa rula, alichokiacha na udongo wake na mstari wake. Ananiita chai nikipita, na naenda. Kila mara nakaa mahali ambapo ninakiona.

Fomu ya nyumba ya tano bado inanisumbua. Nilitaka kukisia kutoka kwa majirani, Mwalimu akakataa. Mraba wake kwenye ramani hauna rangi, ndio pekee mtaani. Pale pa maelezo niliandika kwa wino: nyumba hii haikuulizwa, wenyewe walikuwepo wakati huo, mimi ndiye sikubisha.