Wasifu wa Afande Ulipozimika

Wiki hii tumemzika huko Igowole, Mufindi, kapteni mstaafu ambaye wasomaji wa safu hii walizoea kumcheka pamoja nami, maana nilipenda kumwita "afande wa dira" kwa kushikilia kwake mambo ya kale. Leo wa kuchekwa ni mimi. Kazi yake jeshini ilikuwa kufundisha askari, na hata baada ya kustaafu aliendelea kutembea kama anayekagua gwaride, hata akienda kununua nyanya.

Hakuwa adui wa mitambo. Droni alizipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe, na akianza kukueleza darubini za kuonea gizani, chai yako itapoa. Ila katika mazoezi fulani kwenye mbuga za Usangu, ng'ambo ya Rujewa, aliwanyang'anya askari vifaa vyote vya kuonyesha njia, akavitia kwenye gunia, akalikalia. Mmoja akauliza sasa kambi wataijuaje. Akamwambia aviulize vilima, vilikuwepo kabla ya betri. Aliponisimulia hayo tukila nyama mjini Iringa, nilimfafanulia, kwa kiburi changu cha chuo kikuu, kwamba vita vya leo vinapiganwa na kompyuta. Alitafuna taratibu hadi akameza. "Mwandishi, mtambo ukizimika, anayebaki uwanjani ni askari. Kichwani ana nini?"

Familia ilinipa heshima ya kusoma wasifu wa marehemu. Mjane wake alinieleza yote, nikayaandika kwenye simu, nikaona kazi imekwisha. Asubuhi ya maziko niliondoka Mbeya, na njia nzima simu hiyohiyo ikanionyesha barabara ambayo naijua vizuri. Zamu yangu ilipofika, mbele ya jeneza na katika ukungu wa Mufindi, nikaitoa mfukoni. Ilikuwa imezimika, chaji imekwisha njiani. Nikasema marehemu alizaliwa, kisha nikakwama. Mtu niliyekula naye miaka yote ile, sikujua jina la mama yake, wala yupi kati ya wanawe ni kifungua mimba. Maafande wenzake wakatazama viatu vyao. Mjane akainuka, akaja kusimama kando yangu.

"Nifuatishe, shemeji," akanong'ona.

Nikamfuatisha sentensi kwa sentensi, kama kuruta anayeapishwa: kijiji, wazazi, shule, jeshi, watoto. Sauti yake haikutetemeka, yangu ilitetemeka. Siku ambayo yeye ndiye aliyestahili kushikwa mkono, alinishika mimi. Nilipomwomba radhi baadaye, alisema mumewe angenirudisha depo nikaanze ukuruta upya, akacheka kidogo, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Mitambo tununue, askari wetu hawawezi kwenda kupigana na mapanga. Lakini simu yangu haikunisahaulisha chochote, maana sikuwa nimejifunza chochote. Niliacha kujifunza kwa sababu simu ipo. Uvivu wa namna hiyo hauumizi mwenyewe peke yake, lazima mtu mwingine aubebe. Vitani ataubeba askari aliye ubavuni pako. Igowole aliubeba mjane.