Sanduku Ambalo Hakuna Aliyelifungua

Ukitaka kumkasirisha Juwairiya, mpelekee redio iliyoharibika, halafu mwambie utamsubiri mumewe aje aitazame. Mume hana. Aliyekuwapo aliondoka siku nyingi, na hata alipokuwapo hakujua kubadilisha betri za tochi. Meza yake iko Namatala, mjini Mbale, kwenye ukuta wa duka la unga, na juu yake zimejaa redio, pasi na feni za watu, kila kimoja kikiwa na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Babu yake alifika Mbale akiwa askari, baba yake alikuwa fundi wa redio za jeshi, na yeye alijua kulehemu kabla ya kujua kusuka nywele. Kusuka mpaka leo hajui, na binti zake wawili ni mashahidi.

Mimi ni Emma wa Jinja, jina ambalo kwetu ni la wanaume, seremala wa masanduku ya spika. Tulifahamiana na Juwairiya kwenye kikundi chetu. Tuko kumi na mmoja, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana, mwezi huu Jinja, mwezi ujao Mbale, kila mtu na alichonunua au alichotengeneza. Huyu ana kinanda kilichokuja na basi kutoka Kenya, yule amegeuza kopo la maziwa ya unga kuwa kifaa cha kuipa sauti mwangwi. Juwairiya mwenyewe alituletea mashine ndogo inayopiga ngoma ya doluka, ile ya harusi za kwao Wanubi, aliyoiunda kwa vipande vya simu zilizokufa. Wake zetu wanasema huu ni ugonjwa.

Kwake yeye kikundi kilikuwa zaidi ya hapo. Aliwahi kuniambia kuwa siku zote watu wanamuuliza kitu kimoja tu, "Itakuwa tayari lini?" Kwetu aliulizwa, "Umetengeneza nini?" Alikuwa anaihesabu Jumamosi hiyo mwezi mzima. Na aliyemleta ni Afande Norman. Miaka miwili iliyopita Afande alimkuta mezani pake amefungua kinanda, akasimama kumtazama kwa nusu saa, kisha akamwambia aje. Wengine wetu tulinung'unika, mwanamke, tena hatumjui. Afande alitunyamazisha kwa neno moja, kwa sababu Afande alikuwa ofisa wa magereza miaka thelathini kabla ya kustaafu na ana sauti ya kufunga milango.

Kikundi kina sheria moja tu, na ni Afande aliyeiweka. Kabla kifaa hakijachomekwa kwenye umeme, kifuniko kinatolewa, na kila mtu anachungulia ndani. Anayeanza ni mwanachama mgeni kuliko wote, ili aseme anachokiona mwenyewe kabla ya kusikia wakubwa wamesema nini. Tangu Juwairiya aingie hajaja mwingine, kwa hiyo wa kwanza kuchungulia ni yeye, na amekwisha kuokoa spika zangu mara mbili.

Sasa sikia upumbavu wetu. Mwaka jana Afande alichelewa kufika, na sanduku lake lilikuwa limefungwa kwa skrubu nyingi. Bruhan, fundi wa simu na mcheshi wetu, akasema, "Ah, hii ni ya Afande, iko na haja gani kufungua?" Tukacheka, naye Afande akacheka. Mwezi uliofuata hatukulifungua tena. Ikawa desturi. Masanduku yetu sote yanavuliwa nguo hadharani, la Afande linapita na nguo zake. Tuliiita heshima.

Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa Mbale, kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja wa jumla anayetuazima ukumbi. Stoo ilikuwa imetoka kuoshwa, na sehemu ya mbele, ilipokuwa maikrofoni, saruji ilikuwa bado imelowa. Afande alileta amplifaya mpya ya gitaa, sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani, zuri ajabu. Alimletea Arnold, mpiga gitaa wetu, ambaye siku ileile alikuja na pedali mpya ya miguuni yenye vitufe vidogo vya kuzungusha kama punje za mahindi. Arnold alitangaza kuwa atavua viatu avizungushe kwa vidole vya miguu, kama alivyoona kwenye simu.

Juwairiya alitazama ile sakafu, akamtazama Arnold, kisha akasimama.

"Afande, naomba tulifungue kwanza."

"Kufungua nini?"

"Sanduku, baba. Sheria ni yako."

Afande aligeuka polepole. "Wewe Juwairiya, leo nataka kukagua mimi? Mimi nafanya kazi hii wewe bado kuzaliwa."

"Si kukagua, baba. Ni kuangalia tu."

"Banange!" Bruhan akadakia. "Hapana letea sisi mambo ya polisi hapa. Hiyo ni kitu ya Afande."

Watu wakacheka. Juwairiya akanitazama mimi, kwa kuwa tumezoeana, na mimi nikaanza kukagua kucha zangu. Naandika haya nikijua nilivyoonekana.

Nieleze jambo hapa, maana mbele hakutakuwa na nafasi. Plagi ya lile sanduku ilikuwa ya pini mbili. Soketi zetu zina matundu matatu, kwa hiyo unaingiza kalamu kwenye tundu la juu, chini panafunguka, unasukuma pini zako mbili. Ubaya wake ni kwamba pini mbili huingia upande wowote. Kama ndani ya sanduku kuna waya wa umeme uliogusa bati, upande mmoja hutaona kitu, muziki utalia na utasifiwa. Ukiigeuza plagi, bati lote linakuwa umeme, na waya wa gitaa unaubeba mpaka kwenye nyuzi. Mtu aliyesimama peku kwenye maji akizishika nyuzi hizo, anaweza asiziachie tena.

Bruhan alichomeka kwa kalamu yake. Arnold alikuwa bado amevaa viatu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, pakavu. Alipiga, na sauti ilikuwa tamu, nzito, ya zamani. Tulipiga makofi.

"Juwairiya," Afande akaita, "umesikia? Wewe bado nataka kufungua?"

Juwairiya alikunja mtandio wake begani na kuanza kupanga vitu vyake mkobani. Mashine ya doluka ilikuwa bado haijapata zamu, na aliifungasha hivyohivyo. Nilijua anataka kuondoka bila kuonekana amekasirika.

Arnold akasema anataka kuimba, basi sanduku lisogezwe mbele karibu na maikrofoni. Wawili wakalibeba, wakaliweka juu ya kiti. Gitaa, waya wake ukiwa kwenye sanduku, likaegemezwa kwenye kiti kingine. Bruhan akachomeka kwenye soketi ya ukuta wa mbele, kalamu kwanza, plagi baadaye. Wala hakuangalia upande. Nani huangalia?

Waya wa umeme ulikuwa umelala kwenye maji. Juwairiya, pamoja na hasira zake, hawezi kuona waya kwenye maji akapita. Aliacha mkoba, akaenda kuuinua, na mgongo wa kiganja chake ukateleza kwenye kona ya sanduku. Hakurushwa. Alikuwa amevaa ndala za mpira. Ila ngozi ilikwaruzwa, kama anayepitisha mkono kwenye bati lenye mchanga, na bati lile lilikuwa laini. Akapitisha mkono tena. Mchanga uleule, ambao kwa fundi ni dalili ya umeme unaovuja.

Aliniambia baadaye alichowaza. Aliwaza kuwa pengine ni jasho. Aliwaza kuwa akisema tena na ikawa hakuna kitu, hatarudi kwenye kikundi hiki maisha yake, na Jumamosi zake zote zitakuwa za meza na vikaratasi vya majina. Wakati anawaza, Arnold alikuwa amevua kiatu cha kushoto. Akavua cha kulia. Akaanza soksi. Alikuwa anatania na watu, anachezesha vidole vya miguu tucheke, na kweli tulikuwa tunacheka. Akakanyaga maji kwa mguu mmoja, akasema ni baridi. Akaweka wa pili. Akanyoosha mkono kwenye gitaa.

Juwairiya hakupiga kelele. Aliuruka waya, akaikamata plagi, akaing'oa ukutani kwa nguvu hata kalamu ya Bruhan ikaruka. Mkono wa Arnold ulikuwa umebakiza upana wa vidole vinne.

Taa ya sanduku ilizimika. Afande akageuka.

"Nani amezima?"

"Ni mimi, Afande."

"Toka nje." Hakupaza sauti, na ndipo nilipoogopa. "Chukua vitu yako, toka. Mimi ndiyo nilileta wewe hapa, leo unatia mimi aibu mbele ya watu?"

Juwairiya alikuwa bado ameishika plagi. "Nitatoka, baba. Nikitoka nimetoka, sirudi. Lakini Arnold asiguse gitaa mpaka tuweke tesa."

Tesa ni ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini. Ukigusisha ncha kwenye chuma chenye umeme na kidole chako juu ya mpini, taa inawaka nyekundu. Hata mtoto anaijua. Juwairiya alitoa yake mfukoni, lakini Afande alinyoosha mkono.

"Leta hapa. Mimi mwenyewe napima. Bruhan, washa."

"Upande uleule," Juwairiya akasema, akachomoa waya wa gitaa kwenye sanduku na kumsukuma Arnold mpaka pakavu. Arnold alikwenda bila ubishi, soksi mkononi. Bruhan alichomeka. Sasa hakuwa na mzaha, jasho lilimtoka puani.

Afande alikuwa na buti zake za kazini, soli nene. Aliinama, akapapasa kona ya sanduku, akapata skrubu, akaweka ncha ya tesa na kidole juu. Taa ikawaka. Haikuwa ya kubahatisha, iliwaka nyekundu kabisa chini ya kidole chake, na sote kumi tuliiona kutoka tulipokuwa.

"Haiwaki," akasema.

Aligeuza uso kututazama, tesa bado iko palepale, bado inawaka. Uso ulikuwa wa mtu aliyeshinda.

"Mnaona nyinyi wenyewe. Haiwaki."

Bruhan alifumba macho. Nilitaka ardhi inimeze, sikudanganyi, kwa kuwa nilielewa mara moja, na nilielewa pia ni kwa nini hatukujua. Mtu huonekana kwenye kazi yake unapoifungua. Yeye tulimfunika mwaka mzima.

Juwairiya alisogea karibu naye. Hasira ilikuwa imemtoka yote.

"Baba, inawaka."

"Wapi?"

"Hapo. Chini ya kidole chako."

Afande aliinama mpaka pua ikakaribia bati, na Bruhan akawahi kuzima. Afande akabaki ameinama vile. Kisha akaita jina langu, maana alijua siwezi kumtania.

"Emma. Ni kweli?"

"Ni kweli, Afande."

Aliketi kwenye kiti cha Arnold. Alisema ukungu ulianza mwaka jana, jicho la kulia kwanza. Aliogopa akisema tutamwambia apumzike, na nyumbani hana kingine cha kufanya isipokuwa kupumzika. Akawa analehemu kwa mazoea na kwa kupapasa. Juwairiya alitoa skrubu moja moja, sote tukachungulia. Tone la lehemu, dogo kama punje ya mchele, lilikuwa limeunganisha mguu wa transfoma na bati. Jicho zima lingeliona kutoka mlangoni.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Afande alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Ziko ingine tatu," akasema. "Za tangu ukungu ilianza. Mbili ziko kwangu nyumbani. Moja iko Buwenge, kwa Namwase. Ya kwaya."

Namwase tunamjua, anaongoza kwaya ya kanisa, na kwaya hufanya mazoezi Jumamosi mchana. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Afande alitoa simu, akaileta karibu na macho, akaipeleka mbali, kisha akampa Juwairiya. "Tafutia mimi Namwase."

Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Arnold alikuwa ameketi chini, bado peku, mikono kwapani. Mara ya tatu ikapokewa, na nyuma ya sauti ya Namwase tukasikia ngoma na watu wengi. Juwairiya aliweka spika ya simu na kuisogeza mdomoni kwa Afande.

"Namwase. Ile mashine mmewasha?"

"Bado, Afande, tunapanga viti. Kuna nini?"

"Hapana washa. Hapana gusa. Sikia mimi, mama. Mimi sioni. Mwaka nzima natengeneza na sioni, na nilinyamaza."

"Afande, kelele ni nyingi hapa. Unasema nini?"

Afande Norman akaishika simu kwa mikono miwili na kusema tena kwa ile sauti yake ya magereza, sote tukisikia, mpaka na wapagazi waliokuwa nje wakasimama.

"Sioni!"