Mume Wangu Anabomoa Teresi za Mama Yake Ili Trekta Ipate pa Kugeukia

Admin, ficha jina langu, na ikiwezekana ficha hata kijiji. Sema tu ni upande wa Nunguni. Ingawa nikishataja trekta majirani watanijua, maana huku kwetu iko moja tu na ni yetu. Wacha wanijue. Nimechoka.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne. Mume wangu, nitamwita Baba Mwende ingawa hilo si jina lake, alifanya kazi miaka mingi kwa shamba kubwa huko chini Kiboko, kwenye ardhi tambarare kabisa. Mimi nilibaki huku mlimani na jembe. Mahindi, maharagwe, mbaazi kidogo. Sikulalamika, maana sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mwethya, kile kikundi chetu cha kina mama cha kulimiana: leo tuko kwangu, kesho kutwa tuko kwako, na usipoenda kwa wenzako hakuna mtu atakanyaga kwako.

Baba Mwende alipostaafu alirudi na wazo moja tu kichwani, trekta. Ile ndogo, si yale makubwa ya Kiboko. Sikukataa. Nani hukataa kupumzishwa mgongo? Nilimwomba kitu kimoja tu, muuzaji aje kwanza aone vile shamba limekaa. Akaniambia yeye amezoea trekta kuliko mimi nilivyozoea mwiko. Akaenda akanunua, akaongeza plau pana ya diski tatu, haro ya kuvunja mabonge ya udongo, na trela, vyote vipya vinang'aa. Muuzaji alimwambia kuna plau nyembamba ya watu wa mlimani, akaona anadharauliwa. Hayo alinisimulia mwenyewe huku akicheka.

Siku trekta ilipofika, pasta aliiombea, tukachinja mbuzi, kina mama wa mwethya wakaimba mpaka sauti zikakauka. Na mbele yao wote mume wangu akasimama akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mke wake hataonekana tena ameinama kwa shamba la mtu. Ati mke wa mwenye trekta hashiki jembe la mwethya. Watu wakapiga makofi. Mimi nilicheka na meno tu, moyo ulikuwa umeshaanguka. Nilidhani ni maneno ya sherehe, kumbe alimaanisha. Alinikataza kwenda, na ng'ombe wetu wawili wa plau akauza.

Sasa sikieni. Shamba letu ni la mteremko, na limechimbwa teresi kutoka juu hadi chini, zile ngazi za kushika maji na udongo. Ni nyembamba. Trekta ikiingia inalima kipande cha katikati, ikifika mwisho haina pa kugeukia. Inabidi irudi kinyumenyume, mume wangu amepinda shingo akifoka, na kingo zote zinabaki na magugu. Siku moja ililala upande tukaivuta na kamba. Majirani walikuwa wamesimama kwa ua wakiangalia. Hakuna aliyecheka kwa sauti, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Mtu mwingine angesema nimekosea hesabu, nikabadilishe plau. Huyu wangu amesema shida ni teresi. Mbili za chini ameshabomoa. Anataka kuzisawazisha zote kabla ya mvua ya Novemba, shamba liwe mteremko mmoja trekta ipande na kushuka inavyotaka. Jameni! Huu udongo wetu ni mwepesi, mvua ikipiga vizuri mara moja itaubeba wote mpaka mtoni, tubaki na mawe. Na teresi hizo zilichimbwa na marehemu mama yake na mwethya wa wakati huo, yeye akiwa mtoto amefungwa mgongoni. Nilimkumbusha. Akageuka akaziangalia zile mbili alizobomoa, nikafikiri imeingia.

Kisha akasema, "Mama alichimba kwa sababu hakuwa na trekta."

Nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo haijatoka. Nimemwambia trekta ifanye kazi ya trela, ibebe samadi na maji, ivutie watu mahindi yao, na shamba tulilime vile tumekuwa tukilima. Hataki. Anasema watu watasema alinunua mkokoteni.

Wiki hii nilienda kwa mwenyekiti wa mwethya, nitamwita Mama Kioko. Nilipita njia ya nyuma kama mwizi wa kuku. Angeweza kunitukana, hakunitukana. Alinipa kiti, akanimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mwende, sisi hatuna ubaya na wewe," akasema. "Alhamisi tutakuja wote, turudishe hizo mbili na tulime. Lakini utuite wewe mwenyewe, na usimame na sisi hapo shambani huyo mzee akikuangalia."

Niliporudi nyumbani nikamgusia Baba Mwende kidogo tu. Akasema jembe la mwethya likiingia kwa shamba lake nitakuwa nimemvua nguo mbele ya kijiji kizima, na siku hiyo nitafute pa kulala. Ijumaa anataka kuingia teresi ya tatu.

Na si mtu mbaya, jameni. Hajawahi kuniinulia mkono. Alitumia jasho la maisha yake yote akitaka mimi nipumzike, hiyo naijua, na ndiyo inanifanya nilie nikiwa jikoni. Lakini nikimlindia heshima yake, watoto wetu watarithi mawe.

Mama Kioko anangoja jibu langu Jumatano jioni. Tafadhali msiniambie nivumilie, hilo pasta ameshasema. Ninyi mlio kwa ndoa, na ninyi mnaolima kwa mteremko, nishaurini leo: niwaite kina mama nisimame nao, ama ninyamaze ningoje mvua imwambie?