Nilivyomuita Mudogo Wangu Mbele ya Meza ya Polisi

Kwetu Bukavu mwanamuke akishazaa, jina lake la ubatizo linapumzika. Tangu mudogo wangu azae, hata mimi yaya yake, dada yake mukubwa, nilimuita kwa jina la mutoto wake: Mama Fulani. Ndiyo heshima.

Masharti ya kuingia polisi yalibandikwa kwenye ofisi ya komine, serikali ya mutaa wetu. Mimi ndiye niliyemusomea, yeye alikuwa anahesabu kwa vidole: uwe raia wa Kongo, uwe na diploma ya taifa, usipite miaka makumi mbili na tano, uwe na afya na cheti cha mwenendo mwema. Usiwe umeolewa, usiwe na mutoto. Yote alikuwa nayo, isipokuwa hilo la mwisho. Mutoto mwenyewe nilikuwa nimemubeba mugongoni nikisoma.

"Yaya, nitasema sina mutoto," aliniambia. "Utabaki naye mpaka nimalize mafunzo. Nikianza kazi, tutapumua sisi wote."

Nikaitika. Lakini moyoni nilikasirika, acha niseme ukweli. Tangu mama yetu afariki nililea wadogo wanne, huku nauza unga wa muhogo kule soko la Kadutu. Sasa na huyu tena? Zamu yangu ya kuishi ingefika lini?

Siku ya kuandikwa alisahau diploma nyumbani. Nikamuachia jirani mutoto, nikakimbia nayo mpaka kwenye uwanja wa mupira. Njia nzima nilirudia lile jina lake la ubatizo, nisije nikakosea. Nikamukuta amefika mbele ya meza ya polisi, amesimama wima na viatu vya kuazima, na komanda anamuchekea. Nikaona kabisa kwamba wamemukubali. Anaenda, mimi nabaki. Nikaita kwa sauti ya sokoni:

"Mama Fulani! Umesahau diploma!"

Komanda akaweka kalamu chini. "Mama wa nani?"

Mudogo wangu akainamisha kichwa. Wakamutoa kwenye musitari.

Nilingoja anitukane. Wapi! Alinishika mukono mpaka nyumbani, na majirani waliponisema vibaya alinitetea: "Musimulaumu yaya. Mazoea yana taabu. Heshima ndiyo ilimuponza." Mimi niliwapita nikaingia ndani kama mwizi. Ulimi haukuteleza. Lile jina lingine lilikuwa tayari mudomoni, nikalimeza.

Leo anauza unga pembeni yangu. Miaka imemupita, hawezi kujaribu tena. Juzi tulikuwa tunakula, akaniwekea kipande kikubwa cha samaki, akasema:

"Yaya, ile siku nafikiri ni Mungu. Nilikuona umechoka, nikajifanya sioni. Mungu akakuhurumia."

Nikamujibu, "Amina."